Mkasi wa Mtayarishaji

Wapenzi wa tamthilia za muziki za Broadway hawajamaliza ubishi wao: albamu ya waigizaji ibebe nyimbo tupu, au na mazungumzo yaliyo kati yake? Zamani mashine ndiyo iliyoamua. Kampuni ya Decca ilipotoa nyimbo za Oklahoma! mwaka 1943, upande mmoja wa santuri ulibeba dakika kama tatu tu. Santuri ndefu zilipoingia mwaka 1948, kisingizio hicho kikaisha. Tangu hapo kukata neno au kulibakiza ni kazi ya sikio, na bingwa wake alikuwa mtayarishaji Goddard Lieberson wa kampuni ya Columbia. Mwaka 1956 alirekodi The Most Happy Fella karibu yote, santuri tatu nzima, kwa kuwa humo muziki haukauki na kung'oa maneno kungeacha mashimo. Mwaka huohuo My Fair Lady aliitosheleza kwa santuri moja. Sikiliza wimbo wa mvua ya Hispania: muuza maua hoi bin taabani anaitamka polepole sentensi iliyomshinda siku zote, safari hii sawasawa. Anatakiwa arudie, anarudia, na hujui ni wapi hasa usemi umegeuka wimbo. Ondoa yale maneno makavu, furaha yote inayofuata inakosa sababu. Lakini mabishano mengine ya profesa anayemfundisha, pamoja na utamu wake, hayasukumi wimbo wowote. Albamu husikilizwa mara mia. Mzaha ukirudiwa huchuja, muziki hukolea.

Wapo watakaosema kwamba wengi hawatafika New York kamwe, na albamu ndiyo jukwaa lao. Hoja hiyo ina uzito, ila sauti za watu wanaoongea bila kuonekana hazileti jukwaa. Muhtasari wa kisa kwenye jalada husaidia zaidi. Gumu zaidi ni West Side Story: mwishoni Maria, bastola mkononi, anasema tu, haimbi. Mtunzi wa muziki wake, Bernstein, alijaribu kumtungia wimbo hapo, akashindwa. Kilele kama hicho kinamwelemea msikilizaji asiyeona maiti iliyolala mbele ya Maria, nami nakiachia jukwaa bila majuto. Lin-Manuel Miranda, mtunzi wa Hamilton, alifanya vivyo hivyo mwaka 2015. Albamu ya tamthilia hiyo ni karibu onyesho zima, lakini kipande kifupi cha habari za kifo cha mhusika Laurens alikiacha nje kwa makusudi, mwenye tikiti apate kitu ambacho msikilizaji hana. Alifanya vyema. Asiye na tikiti ana kitabu: maneno ya tamthilia hiyo yalichapishwa mwaka 2016.