Kilimia: Msemo wa Pwani Chini ya Anga la Berega

Tuusikilize kwanza kwa sikio, nyota baadaye: "Kilimia kikizama kwa jua, huzuka kwa mvua, kikizama kwa mvua, huzuka kwa jua." Mhusika anatajwa mara moja tu mlangoni, kwa mizani minne, na hatajwi tena. Kisha vinapokezana vipande vinne, saba kwa sita, saba kwa sita. Sharti refu, jibu fupi. Kina ni kimoja, -ua, ila kimepangwa jua, mvua, mvua, jua, kwa hiyo msemo unaondoka juani na kurudi juani. Vitenzi vimekaa palepale, hali ya hewa ndiyo inayohama.

Ni kazi safi, na kwa usafi huo naitilia shaka. Usemi uliolingana pande zote huenda umemfuata msanii kuliko mtazamaji. Njia ya kuupima ni kuutoa pwani na kuupeleka bara, mahali usikozaliwa.

Berega, wilayani Kilosa, katika nchi ya Wakaguru, iko takriban nyuzi 6 kusini mwa ikweta. Kilimia, kile kishada cha nyota, kiko nyuzi 24 kaskazini mwa ikweta ya anga. Kwa hiyo katikati ya Januari, kama saa mbili na nusu usiku, mawingu yakiruhusu, anayesimama hapo akielekea kaskazini hukiona juu sana, theluthi mbili ya njia kutoka upeo wa macho hadi utosini. Macho matupu huhesabu nyota sita. Ukikikazia macho zinapungua. Ukitazama pembeni kidogo tu, zile hafifu zinajitokeza na nyuma yake unabaki kama ukungu. Galileo alipokielekezea darubini yake alichora nyota 36, akazichapisha mwaka 1610. Leo tunajua ni zaidi ya 1,000, zilizozaliwa katika wingu moja la gesi yapata miaka milioni 100 iliyopita, nazo ziko umbali wa takriban miaka nuru 440. Msemo haugusi lolote katika haya, si idadi, si umbo, si mng'ao. Hiyo siihesabu kuwa kasoro. Mtunzi ametupa uzuri wote wa kile anachokitazama akabakiza mwendo wake, na uchaguzi huo ni wa kijasiri kuliko ule wa washairi wengi wa nyota.

Tuutazame basi mwendo. Mwanzoni mwa Mei Kilimia huzama magharibi mara tu baada ya jua kutua, kisha hupotea, kwa kuwa jua linapita upande huohuo wa anga. Huonekana tena Juni, mashariki, alfajiri. Kinazama masika yakiwa yanamalizika, kinazuka kiangazi. Nusu ya pili ya msemo inatimia Berega takriban kila mwaka, bila utabiri wala ustadi.

Nusu ya kwanza ndiyo inayochechemea. Masika yakikatika mapema, Kilimia kikazama kwa jua, tumeahidiwa mvua Juni. Mombasa na Unguja ahadi hiyo ina mashiko, maana manyunyu ya Juni si ajabu huko. Kilosa, Juni hadi Septemba ni ukavu, na mkulima atakayeacha mbegu ardhini kwa kutegemea kipande hicho atavuna majuto. Kwa masikio ya bara, nusu ya kwanza inasikika kama imewekwa kwa sababu ya pili ilihitaji mwenzake.

Ila kuna jambo msemo umelinyamazia, nalo linaunusuru: hausemi kuzama kwa saa ngapi. Kiambishi -ki- kinabeba sharti na wakati pamoja, na hu- ya mazoea haina tarehe. Chukua Novemba. Karibu na tarehe 20 Kilimia hufanya kinyume cha Mei. Huchomoza mashariki jioni, na kufikia saa moja usiku kimeshapanda kidogo juu ya upeo. Huzama magharibi kunapopambazuka. Ndio msimu mvua za kwanza zinapotarajiwa Kilosa, mashamba yakiwa yamefyekwa. Kinazama jua likija, kinazuka mvua ikija, usiku huohuo mmoja. Sidhani mtunzi wa pwani alikusudia hivyo, lakini maneno yake yanaruhusu, na mkulima wa Berega hana sababu ya kumwomba ruhusa.