Udongo Uliomaliza Ubishi wa Olduvai

Mwaka 1913 mwanajiolojia wa Kijerumani, Hans Reck, alipata mifupa ya binadamu katika Bonde la Olduvai, ambalo leo liko Wilaya ya Ngorongoro, mkoani kwetu Arusha. Mifupa hiyo ilikuwa ndani ya tabaka la pili kutoka chini, lenye mabaki ya wanyama waliokwisha kutoweka duniani. Reck akahitimisha kwamba mtu huyo aliishi zama moja na wanyama hao. Ubishi uliozuka ulidumu karibu miaka 20, na jinsi ulivyomalizwa ni somo kwa kila anayeshika jembe huku kwetu, kuanzia Nduruma hadi Karatu.

Tuanze na mwili wenyewe. Mtu huyo alikuwa amekunjwa, na mifupa ilikuwa bado imepangana kama ilivyokuwa mwilini. Maiti iliyoachwa porini haibaki hivyo, kwa kuwa fisi huitawanya. Mkao wa namna hiyo ni dalili ya kwanza ya maziko. Reck aliliona hilo, ila akasema hakuona alama ya shimo. Isitoshe, udongo ulikuwa mgumu kiasi kwamba mifupa ilitolewa kwa nyundo na patasi.

Hapo ndipo hoja yake ilipokuwa dhaifu. Ugumu wa udongo haupimi umri wake. Maji yenye chokaa yakipenya kwenye udongo uliofukiwa, huugandisha ukawa kama mwamba. Tena kaburi ni shimo: anayelichimba hutoboa tabaka za zamani kuliko yeye, na marehemu hulazwa katikati ya vitu vilivyomtangulia kwa muda mrefu mno. Kina peke yake hakitoshi kutaja umri wa mifupa.

Mwaka 1931 Reck alirudi Olduvai pamoja na Louis Leakey. Leakey, ambaye awali alikuwa na mashaka, alipofika bondeni akakubaliana na mwenzake. Jibu lilikuja kupatikana maabara. Mifupa ilikuwa imehifadhiwa Munich, na bado ilikuwa na udongo wa Olduvai ulioganda juu yake. Theodor Mollison alichukua sampuli ya udongo huo akaipeleka London kwa mwanajiolojia Percy Boswell.

Boswell aliichunguza, akakuta mambo mawili. Kwanza, kulikuwa na vijiwe vyekundu kama vya tabaka la tatu. Pili, kulikuwa na vipande vya chokaa kama ile ya tabaka la tano, lililo juu kabisa. Vitu hivyo visingeweza kuingia katika tabaka la pili wakati linajengeka, kwa sababu vilikuwa bado havijakuwepo. Viliingia baadaye, vikiwa vimechanganyika na udongo wa kufukia shimo. Mmomonyoko ulikuwa umeondoa tabaka za kati mahali pale, watu wakachimba kaburi kwenye ardhi iliyobaki wazi. Mwaka 1933, Reck na Leakey waliungana na Boswell na wenzao kuandika katika jarida la Nature kwamba, kwa kila dalili, yale yalikuwa maziko ya zama za baadaye sana.

Uamuzi huo haukumshushia hadhi marehemu. Ulituonyesha mtu aliyekuwa na watu wake, waliomkunja na kumfukia wasimwache apotee.

Miaka 100 hivi baada ya ugunduzi wa Reck, kanuni hiyohiyo ya kuchunguza udongo pamoja na mifupa ilifuatwa tangu mwanzo katika pango la Panga ya Saidi, Kaunti ya Kilifi, Kenya. Wachimbaji waliona shimo lenye udongo tofauti na wa pembeni, na mifupa milaini mno kuguswa. Hawakuing'oa. Walilizungushia plasta bonge zima la udongo na kulipeleka Nairobi, kisha Burgos, Hispania, ambako lilipigwa picha za ndani na kufukuliwa polepole. Alikuwa mtoto wa miaka miwili na nusu hadi mitatu, aliyezikwa yapata miaka 78,000 iliyopita. Namna kichwa kilivyoinama ilionyesha kwamba kililazwa juu ya kitu kilichooza baadaye, na mkao wa mifupa ya bega na mbavu ulionyesha kwamba mwili ulifungwa sanda. Kama mifupa ingetolewa mmojammoja pale pangoni, habari hiyo ingepotea.

Kwa hiyo ndugu msomaji, ukiwa unachimba mfereji, kisima au msingi wa nyumba ukakutana na mifupa, simamisha jembe. Usiitoe, usiioshe, usiisogeze, wala usizoe udongo ulio pembeni yake. Piga picha, funika mahali hapo, kisha toa taarifa ofisi ya kijiji na polisi, ili wataalamu wa mambo ya kale waitwe ikihitajika. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda mabaki ya namna hiyo. Ushahidi ulioumaliza ubishi wa Olduvai ulipatikana kwa sababu tu kulikuwa na udongo ambao hakuna aliyeusafisha.