AE86 Nyumbani: Rudisha Kwanza, Ongeza Baadaye

Mei 1983 Toyota ilizindua mapacha wawili: Corolla Levin yenye taa za kudumu, na Sprinter Trueno yenye taa zinazochomoza kutoka kwenye boneti. Chini ya mabati lilikuwa gari moja, AE86. Corolla nyingine za kizazi hicho zilikuwa zimehamia kwenye mfumo wa kuvutwa na magurudumu ya mbele, ila hizi mbili zilibaki zikisukumwa na magurudumu ya nyuma kwa ekseli ngumu ya zamani. Ziliuzwa hadi 1987. Dereva Keiichi Tsuchiya alizipa jina kwa namna alivyozitelezesha kwenye barabara za milimani za Japani, na katuni ya Initial D, iliyoanza kuchapishwa 1995, ikalisambaza jina hilo duniani.

Swali la safu hii ni la kifundi. Mtu akiwa na AE86 kwenye banda la nyumbani kwake, akiwa na jeki, seti ya spana na mashine ya kuchomelea, afuate mpangilio upi ili gari liwe bora kuliko alivyolipata? Jibu langu ni kwamba kwenye gari hili kurudisha kilichopotea ndiyo hatua ya kwanza ya kuliboresha, na anayeruka hatua hiyo hununua nguvu ambazo gari haliwezi kuzitumia.

Hesabu ya gari jepesi

Injini yake ni 4A-GE ya sentimita za ujazo 1587. Silinda ina kipenyo cha milimita 81, na pistoni husafiri milimita 77. Ina kamshafti mbili na vali 16. Japani ilitangazwa kuwa na nguvu za farasi 130, lakini hicho ni kipimo cha injini iliyovuliwa mizigo yake. Marekani, walikopima injini ikiwa na vifaa vyake vyote, ilitangazwa kuwa na 112. Gari lenyewe lina uzito wa kama kilo 940.

Hapo ndipo penye kiini cha jambo. Nguvu za farasi 10 zikipotea kwenye gari lenye 300, dereva anaweza asizikose. Kwenye AE86 ni karibu moja ya kumi na moja ya nguvu zote. Bomba la vakyumu lililopasuka, vali iliyobana au breki inayokwaruza bila kuachia, kila kimoja kinakula sehemu ambayo utaihisi kwenye kiti. Ndiyo maana kazi ndogo za matunzo zina faida kubwa kuliko mtu anavyotarajia.

Anza na bati

Gari lisilo na fremu hutegemea bodi kwa kila kitu. Kama sehemu zinazoshika shokapu zimeliwa na kutu, springi ngumu zitakunja bodi badala ya kushikilia tairi. Kwenye AE86 kagua matao ya magurudumu ya nyuma, vizingiti vya chini ya milango, shimo la tairi la akiba, sakafu chini ya kapeti na sahani ya betri. Gari lililotumika mikoa ya theluji, ambako chumvi humwagwa barabarani, likaguliwe mara mbili.

Vifaa vya ukaguzi ni vya bei rahisi: bisibisi, nyundo ndogo na sumaku. Sumaku isiposhika, kuna plasta chini ya rangi. Sauti ya nyundo ikibadilika kutoka mlio mkali kuwa mzito, bati limelika kwa ndani. Kata hadi ufike chuma kisafi, chomelea kipande cha unene uleule kwa vituo vifupi ili bati lisijikunje kwa joto, kisha paka rangi ya zinki na umimine nta ndani ya mirija. Kutu ya vizingiti huanzia ndani, kwa hiyo rangi ya nje pekee haitaizuia.

Injini: pima kabla ya kununua

Kipimo cha kwanza ni kompresheni. Injini ikiwa na moto, toa plagi zote nne, kata umeme wa plagi na wa injekta, kanyaga pedali ya mafuta hadi mwisho, kisha zungusha starta. Tofauti kati ya silinda na silinda isizidi kilo 1 kwa sentimita ya mraba, yaani psi 14 hivi. Silinda ikiwa chini ya wenzake, mimina kijiko cha oili kwenye tundu la plagi na upime tena. Kipimo kikipanda, ringi zimechoka. Kikibaki palepale, tazama vali au gasketi. Kwa kipimo hiki cha nusu saa unajua kama kazi iko juu ya bloku au ndani yake, na tofauti ya gharama kati ya hizo mbili ni kubwa.

Kipimo cha pili ni nafasi ya vali. Injini ikiwa baridi kabisa, vali za kuingiza ziwe na milimita 0.15 hadi 0.25, na za kutolea moshi 0.20 hadi 0.30. Nafasi hurekebishwa kwa visahani vya chuma vinavyokaa juu ya vikombe vya vali, ambavyo huuzwa kwa unene tofauti. Vali ya moshi iliyokosa nafasi haifungi vizuri, na vali isiyofunga haina pa kupozea joto lake, hivyo huungua ukingoni. Kwa injini inayopenda kuzunguka zaidi ya mara 7,000 kwa dakika, fila geji, kipimio cha nafasi hizo, ni kifaa cha uhai.

Cha tatu ni hewa. 4A-GE ya soko la Japani haipimi hewa inayoingia moja kwa moja. Sensa husoma shinikizo ndani ya bomba la kuingizia, na kompyuta hukadiria kutoka hapo. Mpira wa vakyumu ukipasuka, shinikizo hupanda, kompyuta huongeza petroli, na sailensi, yaani mzunguko wa injini bila kukanyaga mafuta, hupanda yenyewe. Wengi hukimbilia kukaza skrubu ya sailensi, na kwa kufanya hivyo huficha ugonjwa bila kuuponya. Badilisha mipira yote ya vakyumu kwa pamoja. Ina umri wa zaidi ya miaka 35, na wa pili utapasuka mwezi mmoja baada ya wa kwanza.

Kuna sehemu moja ya injini hii inayostahili kueleweka vizuri: mfumo wa T-VIS. Kila silinda ina njia mbili za hewa, na moja kati yake ina kipepeo. Chini ya mizunguko kama 4,350 kwa dakika, vakyumu hufunga vipepeo hivyo ili hewa ipite kwa kasi kwenye njia moja. Juu ya hapo vinafunguka, na injini inapata pumzi yake yote. Ugonjwa wake unajitangaza. Injini ikiwa legelege chini lakini nzuri juu, vakyumu imevuja na vipepeo viko wazi muda wote. Ikiwa nzuri chini lakini inakata pumzi kila inapopanda, vipepeo vimekwama kwa masizi vikiwa vimefungwa. Kuna walionunua kamshafti mpya kwa tatizo ambalo kopo la dawa ya kusafishia lingelimaliza.

Kipimo cha mwisho ni taiming ya cheche: iwe digrii 10 kabla ya pistoni kufika kilele, injini ikiwa kwenye sailensi na vituo vya ukaguzi vya T na E1 vikiwa vimeunganishwa kwa waya. Bila kuunganisha waya huo, kompyuta inaendelea kusogeza cheche, na alama unayoiona kwa taa ya taiming haina maana.

Upozaji hauna siri, ila una sheria moja. Hedi ni ya aluminiamu na bloku ni ya chuma cha kusubu. Metali hizo mbili zikikutana ndani ya maji matupu, aluminiamu ndiyo inayolika. Tumia kulant sahihi, na ubadilishe mipira, themostati na pampu ya maji wakati mmoja na mkanda wa taiming.

Breki kabla ya mwendo

Mafuta ya breki hunyonya unyevu wa hewa hata gari likiwa limeegeshwa. Mafuta mapya ya daraja la DOT 4 yanapaswa kustahimili angalau nyuzi joto 230 kabla ya kuchemka. Yakishanyonya maji, kiwango hicho hushuka hadi 155, na kwenye mteremko mrefu pedali hulala sakafuni. Badilisha mafuta yote, mipira laini yote na sili za kaliba kabla ya kufikiria diski kubwa. Pistoni ya kaliba iliyoshikwa na kutu hairudi, padi huendelea kugusa diski, na gari huburuta breki zake kila kilomita. Ukiifungua ikarudi vizuri, umepata breki na nguvu kwa mkupuo mmoja.

Kazi hii, kama nyingine zote za chini ya gari, hufanywa gari likiwa limekaa kwenye stendi imara. Jeki ni ya kunyanyulia tu. Mtu asiingize kichwa chini ya gari linaloshikiliwa na jeki peke yake, hata kwa dakika moja.

Ekseli ngumu na gari lililoshushwa

Nyuma, ekseli hushikwa na mikono minne ya kwenda mbele na nyuma, pamoja na fimbo moja ya kukata upande hadi upande. Ncha moja ya fimbo hiyo iko kwenye bodi na nyingine kwenye ekseli, kwa hiyo huzunguka kwa tao. Ukishusha gari kwa springi fupi, tao hilo huisukuma ekseli upande mmoja, na tairi moja la nyuma hutokeza nje kuliko lingine. Dawa ni fimbo inayorekebishika urefu: pima kutoka tao la bati hadi tairi pande zote mbili, kisha zungusha hadi ziwe sawa.

Mbele kuna mtego mwingine. Gari likishuka, mkono wa chini huinamia juu kuelekea kwenye gurudumu, na kitovu ambacho bodi hulalia kwenye kona hushuka zaidi ya gari lenyewe. Matokeo yake gari fupi linaweza kulala zaidi kuliko lilivyokuwa refu. Vipande vya chuma vinavyowekwa kati ya shokapu na mkono wa usukani hurudisha pembe hiyo. Hivyo anayenunua springi ajue kwamba ananunua pia fimbo na vipande hivyo, la sivyo aache gari kwenye kimo chake na abadilishe bushi. Bushi mpya za mpira kwenye kimo cha kiwandani huleta badiliko ambalo dereva atalihisi kabla hajamaliza mtaa.

Kupanga magurudumu kunawezekana nyumbani. Funga kamba mbili kwenye stendi, moja kila upande, kwa kimo cha katikati ya gurudumu, ziwe sambamba na mstari wa gari. Pima kutoka kamba hadi ukingo wa mbele wa rimu, kisha hadi ukingo wa nyuma. Tofauti ya namba hizo ndiyo inayokuonyesha tairi linaelekea wapi, na kwa subira utalipanga kwa usahihi wa milimita.

Injini ya vali 20

Baada ya hayo yote, mwenye kutaka nguvu zaidi ana njia moja inayoheshimika: 4A-GE ya vali 20 kutoka Corolla za AE101 na AE111. Ya kwanza, ya mwaka 1991, ilitangazwa kuwa na nguvu za farasi 160. Ya pili, ya 1995, ilitangazwa kuwa na 165. Ina vali tano kwa kila silinda na koo nne za hewa, moja kwa kila silinda.

Ugumu ni kwamba injini hiyo ilizaliwa ikikaa kwa upana kwenye gari la kuvutwa mbele. Ukiigeuza ikae kwa urefu, distribyuta iliyo mwisho wa hedi inagonga ukuta wa kabini, na tundu la maji nalo linatazama ukutani. Inabidi uchague kati ya kukata ukuta na kuweka koili zinazoongozwa na kompyuta mpya, kisha utengeneze bomba la kuleta maji mbele. Sampu ya oili na mikono ya kushikia injini hutoka kwenye injini ya zamani. Giaboksi ya AE86 yenyewe, T50, hufunga bila kelele. Wayaringi ndiyo kazi ndefu kuliko zote. Tena kuna tahadhari: mkanda wa taiming wa injini hii ukikatika, vali hugonga pistoni. Usiiwashe bila kuweka mkanda mpya.

Mtu aliyekwisha kutengeneza bodi, breki na ekseli ataweza kazi hii, kwa kuwa amekwisha kujifunza kupima. Aliyeanza nayo atakuwa na injini ya 160 kwenye gari lisilosimama wala kwenda mstari.

Kwa fundi wa kwetu

Kenya hairuhusu kuingiza gari lenye zaidi ya miaka 8, na Tanzania hutoza ushuru wa ziada kwa gari lililozeeka, kwa hiyo AE86 zitabaki adimu barabarani kwetu. Lakini ndugu zake wamejaa mitaani. Injini ya 4A-FE ina kipenyo na mwendo wa pistoni uleule, milimita 81 kwa 77. Ile ya 5A-FE iliyo kwenye Corolla nyingi za Dar es Salaam, Nairobi na Kampala ina mwendo uleule wa 77 na kipenyo cha 78.7. Fundi aliyefungua moja hatapotea ndani ya nyingine.

Toyota yenyewe imeanza kutengeneza upya vipuri vya AE86, ikianza na mikono ya usukani na kaliba za nyuma. Ni vipuri vya kurudisha gari kwenye hali yake, na uchaguzi huo unaafiki mpangilio tulioueleza hapa. Mwenye Corolla ya kawaida anaweza kuanza Jumamosi hii: aazime geji ya kompresheni, apime silinda zote nne na aandike namba kwenye daftari pamoja na kilomita za siku hiyo. Namba hizo nne ndizo zitakazomwambia fedha yake ya kwanza iende wapi.