Bega la 531.5 si Pengo la Oksijeni

Kila anayefuatilia spektra za fotoelektroni (XPS) za seria, yaani oksidi ya seriamu, ameuona uamuzi huu, na ni kosa. Mchambuzi anaigawa spektra ya oksijeni, O 1s, mara mbili. Kilele cha karibu 529.5 eV anakiita oksijeni ya ndani ya fuwele, sawa kabisa. Bega la 531.5 eV analibandika jina la "mapengo ya oksijeni". Likishuka baada ya sampuli kupashwa moto ndani ya oksijeni, anatangaza kuwa oksidi imemeza oksijeni na mapengo yamezibwa.

Pengo ni mahali pasipo na atomu. Fotoelektroni hutolewa na atomu. Pasipokuwepo oksijeni, elektroni ya 1s itoke wapi? Pale 531.5 tunaona hasa haidroksili na kaboneti zilizoganda juu ya uso. Sampuli iliyopungukiwa oksijeni ikibebwa hewani kutoka tanurini hadi kwenye mashine, hukutana na mvuke wa maji. Molekuli moja huingia penye pengo na kuacha haidroksili mbili. Kwa hiyo bega linaweza kukua kwa sababu pengo limejazwa! Kisha joto peke yake hung'oa haidroksili na kaboneti, na bega hushuka hata kama hakuna pengo lililozibwa. Halafu eneo la bega hilo linageuzwa kuwa asilimia ya mapengo, na asilimia hiyo inaingia kwenye jedwali.

Spektra ya seriamu yenyewe, Ce 3d, wachambuzi haohao huwa wameisoma vizuri: kilele cha karibu 917 eV ni ushahidi halali wa Ce⁴⁺.

Na bado wanasawazisha mizani ya nishati kwa kaboni ya uchafu, 284.8 eV, kama amri isiyohojiwa. Nimelipigia kelele jambo hili tangu zamani. Greczynski na Hultman wa Linköping wameonyesha kuwa kilele hicho huhama kutoka sampuli moja hadi nyingine.

Kai Siegbahn wa Uppsala, aliyepata Nobel mwaka 1981, alitufundisha kusoma kilele kwa atomu na majirani zake. Joyner na Roberts, kule Bradford, Uingereza, walitengeneza chombo cha kupima uso wa sampuli gesi ikiwa bado ipo, miaka ya 1970. Leo vyombo vya aina hiyo vipo kwenye sinkrotroni nyingi, na bado watu wanabeba sampuli hewani.

Wahariri, jina la "mapengo ya oksijeni" likibandikwa tena kwenye bega hilo, rudisheni makala. Dai kwamba oksidi imemeza oksijeni lithibitishwe kwa kilele cha metali, hapa Ce 3d, kilichopimwa ndani ya gesi yenyewe.