Mita ya Wati Inapodanganya

Wati zikianza kucheza, wengi hubonyeza kitufe cha kurekebisha kwenye kompyuta ya baiskeli, wakaona ujumbe wa kufaulu, wakaendelea na mazoezi. Kitufe hicho kwa kawaida huweka sifuri tu. Hakijui kama kilo 20 zinasomeka kilo 20.

Mita ya kwenye krenki haipimi wati moja kwa moja. Ndani yake mna vipande vyembamba vya metali vilivyogundishwa. Krenki ikipinda kiasi ambacho jicho halioni, ukinzani wao wa umeme hubadilika. Hapo hupatikana nguvu ya kuzungusha, kwa nyutonimita, kisha huzidishwa kwa kasi ya mzunguko. Mjerumani Ulrich Schoberer alianzisha SRM kwa njia hiyo mwaka 1986, na msingi ni uleule hadi leo.

Kwa hiyo makosa yako ya aina mbili. Sifuri ikihama kwa nyutonimita 1, ukizungusha mara 90 kwa dakika unaongezewa wati 9.4, uwe unatoa wati 100 au 300. Uwiano, yaani kizidishio kinachogeuza mpindo kuwa nyutonimita, ukizidi kwa asilimia 3, kwenye wati 100 unaongezewa 3, kwenye 300 unaongezewa 9. Mwenye trena ya ndani inayopima wati alinganishe nayo mara mbili, kwa wati chache na kwa wati nyingi, miguu ikienda kasi ileile: tofauti isiyokua inatoka kwenye sifuri. (Krenki inatakiwa kuizidi trena kidogo, maana cheni nayo inakula chake. Trena ikiongoza, kuna jambo.)

Sifuri huhamishwa zaidi na joto. Baiskeli iliyolala sebuleni ikitolewa kwenye baridi ya Julai ya Arusha, iache nje dakika 15 ndipo uweke sifuri, miguu ikiwa mbali na pedeli. Jua likipanda, rudia.

Uwiano unataka uzito. Anza kwa kuhakiki urefu wa krenki ulioandikwa kwenye programu: kuandika milimita 172.5 wakati krenki ni 170 kunakuongezea asilimia 1.5 ya bure. Kisha funga gurudumu la nyuma, weka mkono wa krenki mlalo ukielekea mbele, soma nyutonimita bila mzigo, halafu ning'iniza kilo 20 kwenye ekseli ya pedeli. Kwa krenki ya 172.5, ongezeko liwe 20 × 9.81 × 0.1725, yaani 33.8. Ukipata 34.8, hiyo ndiyo asilimia 3 yako. Vyuma vya gym usiviamini kwa maandishi. Vipime kwanza kwenye mizani yenye muhuri wa Wakala wa Vipimo.

Mita ya mguu wa kushoto pekee inaweza kufaulu yote haya na bado ikakosea. Kushoto wati 120, kulia 130: itaizidisha ya kushoto kwa mbili na kuandika 240. Ukiwa na ya namna hiyo, panga mazoezi kwa namba zake yenyewe, usizihamishie kwenye baiskeli nyingine.