Hitaji Moja, Suluhisho Moja

Scania tunaijua kwa kuipanda, au kwa kubanwa nyuma yake Mlima Kitonga, lori la shehena likijikokota kuelekea Mbeya. Kwao ni Södertälje, mji ulio kusini-magharibi mwa Stockholm, ambako kampuni ya Vabis ilianzishwa mwaka 1891 na kuungana na Scania ya Malmö mwaka 1911. Wahandisi wake huunda magari kwa kanuni tatu. Viungio kati ya sehemu na sehemu visibadilike, ili injini mpya iingie mahali pa ile ya zamani bila chasisi kujengwa upya. Nguvu na ukubwa viongezeke kwa hatua zilizopimwa. Na ya tatu: hitaji likiwa moja, suluhisho liwe moja.

Nazitaja ili niwasifu watu ambao hawashiki spana kabisa: wanaowaandikia wasaidizi wa akili mnemba miongozo ya kupanga msimbo upya.

Msaidizi wa aina hii anajua lugha nyingi za programu kuliko yeyote kati yetu, lakini kwa kawaida kikao kipya anakianza hana habari ya kikao cha jana. Kwa hiyo jambo ambalo timu haitaki kulirudia kila asubuhi huandikwa mara moja, likatumika mradi hadi mradi. Oktoba 2025 Anthropic ilitoa utaratibu wake wa kuandika hivyo: folda moja, ndani yake faili liitwalo SKILL.md, juu kabisa jina na maelezo mafupi. Msaidizi huanza na jina na maelezo hayo tu. Mwili wa mwongozo anaufungua kazi ikiuhitaji. Watu huhangaika na kanuni arobaini, kisha mistari miwili inayoamua kama zitasomwa wanaiandika wakiwa wameshachoka.

Tuseme ukweli, miongozo mingi ni mibaya. Inamwambia msaidizi kwamba yeye ni mhandisi mkongwe, kisha inamwamuru aandike msimbo safi wenye majina mazuri. Hayo anayajua. Asichoweza kukijua ni kwamba, tuseme, safu fulani ya hifadhidata yenye jina la ovyo inasomwa kila usiku na mfumo wa benki, na mtu akirekebisha tahajia yake malipo ya kesho yanakwama. Sentensi kama hiyo haimo kitabuni. Huiandika mtu aliyeishi na mradi.

Kupanga msimbo upya ni kubadili muundo wa ndani huku kazi inayoonekana nje ikibaki ilivyo. William Opdyke aliliandikia jambo hili tasnifu huko Illinois mwaka 1992, na Martin Fowler akalieneza kwa kitabu chake Refactoring cha mwaka 1999. Humo yamo mawazo ya Kent Beck kuhusu kofia mbili: ukivaa ya kuongeza kazi mpya, hupangi upya, ukivaa ya kupanga upya, huongezi kitu. Binadamu huzichanganya kwa uvivu. Msaidizi huzichanganya kwa bidii. Mwombe abadilishe jina la kitendakazi, atakuletea jina jipya, hitilafu mbili alizozirekebisha njiani na maktaba ambayo hukuiagiza. Mwongozo wa fundi mzuri humwekea miiko. Endesha majaribio kwanza. Yakifeli kabla hujagusa kitu, simama useme. Kama hayapo, andika yanayoonyesha msimbo unafanya nini leo, hata kama unachofanya ni kosa. Hitilafu uliyoikuta iorodheshe pembeni, usiitibu.

Desturi hii ya kuandika miiko ni kongwe kuliko wasaidizi wenyewe. Mwaka 1996, hukohuko upande wa Stockholm, Joe Armstrong na Mike Williams wa Ericsson, wawili kati ya waliobuni lugha ya Erlang, pamoja na Klas Eriksson, walitoa kanuni za kuandikia programu. Waliagiza moduli iwafungulie wengine vitendakazi vichache iwezekanavyo, na msimbo wa ujanjaujanja utengwe peke yake. Mhandisi wa malori angeitambua ile ya kwanza papo hapo.

Lakini kanuni ya tatu ya Scania ndiyo ngumu, kwa sababu msaidizi huiona nusu tu. Huona masuluhisho mawili yanayofanana, akayaunganisha upesi, maana amefundishwa kuchukia marudio. Hitaji halionekani kwenye msimbo. Kiwango cha kawaida cha VAT Tanzania Bara ni asilimia 18. Uganda nako ni 18. Kampuni inayouza Mwanza na Kampala yaweza kuwa na vitendakazi viwili vinavyofanana herufi kwa herufi, na mwongozo wa juujuu utamtuma msaidizi avifanye kimoja. Siku Bunge la Dodoma likigusa kiwango chake, mteja wa Kampala atatozwa kodi ya Watanzania. Na viwango huguswa: Kenya iliishusha VAT kutoka asilimia 16 hadi 14 Aprili 2020, ikairudisha Januari 2021.

Mwandishi hodari hapo haandiki tu “usiunganishe vitendakazi vya VAT.” Anaongeza kwamba kila kimoja kina bunge lake, na kitabadilika kwa wakati wake. Sababu ikiwemo, msaidizi ana msingi wa kuiacha pia kodi ya mapato ya nchi hizo mbili jinsi ilivyo, ingawa mwongozo haukuitaja.