Makatazo Yaliyoumba Ngumi na Mapigano Mchanganyiko

Katika vibanda vya video, kuanzia Sirari mpakani hadi Tarime mjini, na kutoka huko hata Mugumu wilayani Serengeti, husikika mara kwa mara mjadala usiokwisha, nao ni huu: lau bingwa wa ngumi angekutana na bingwa wa mapigano mchanganyiko, haya ambayo wengi huyaita kwa herufi zake tatu, MMA, nani angemshinda mwenziwe? Mjadala huu una ladha yake, walakini naona umeelekezwa pasipo pake, kwani hakuna pambano lisilo na kanuni, na mwenye kuchagua kanuni amekwisha kumchagua mshindi kwa sehemu kubwa. Lenye faida zaidi ni kuchungua kila mchezo umekataza nini, maana ustadi wa mpiganaji hustawi mahali alipoachiwa nafasi na hudumaa pale alipokatazwa.

Watu wa mkoa wa Mara si wageni wa habari hii. Zama za Waingereza Wakurya waliandikishwa kwa wingi katika jeshi la Keya, na baada ya uhuru vijana wa Tarime wakaendelea kuingia jeshini. Na kambi za askari, katika Afrika Mashariki nzima, zilikuwa miongoni mwa madarasa makuu ya masumbwi. Mieleka ya machungani, kwa upande wake, haikungoja kambi wala mwalimu: mtoto anayepeleka ng'ombe malishoni hujifunza mapema kumshika mwenziwe kiuno, kumpima uzito na kumbwaga. Kwa hiyo nusu mbili za mapigano mchanganyiko, yaani ngumi na mieleka, zote zimo nchini humu. Kilichokosekana ni mtu wa kuziunganisha kwa elimu.

Na tusidhani kwamba ngumi zilizaliwa zikiwa peke yake. Huko Uingereza, kabla ya kanuni zilizopewa jina la Marquess of Queensberry mwaka 1867, wapiganaji wa ngumi tupu waliruhusiwa kukamatana na kuangushana. Kanuni zile ndizo zilizokataza mieleka na kukumbatiana, zikaagiza glavu, zikaweka raundi za dakika 3 zenye mapumziko ya dakika 1, na zikampa aliyeanguka sekunde 10 za kuinuka. Kwa makatazo hayo machache mchezo mmoja ulijitenga na asili yake, na tangu hapo mabondia, kizazi baada ya kizazi, wakatia akili yao yote katika mikono miwili, wakafikia daraja ya ustadi ambayo mchezo mwingine wowote wa mapigano haujaifikia kwa upande wa ngumi.

Mfano wa ustadi huo tunao kwetu. Tarehe 8 Septemba 2018, mjini Birmingham, Hassan Mwakinyo wa Tanga, aliyeitwa kujaza nafasi siku za pambano zikiwa zimekaribia, alimkabili Sam Eggington, mtu aliyekwisha kuvaa mikanda ya Uingereza, ya Jumuiya ya Madola na ya Ulaya, akammaliza katika raundi ya pili. Kwani alipomwona ametikisika hakumpa nafasi ya kuvuta pumzi, bali alimfuatishia makonde hata mwamuzi akaingia kati. Kumiminia makonde namna hiyo, mpiganaji akiwa amesimama ndani ya urefu wa mkono, nyayo zimeshika ulingo na kiuno kinazunguka kwa kila konde, kumejengwa juu ya amani moja ambayo mtazamaji haioni: bondia ana yakini kwamba mguu wake wa mbele hautapigwa teke wala hautanyakuliwa. Ondoa amani hiyo, na kila kitu katika mwili wake hakina budi kubadilika.

Na hilo ndilo katazo la kwanza, lile linaloipa miguu usalama. Bondia husimama ubavu, mguu mmoja mbele, ili kifua kisiwe shabaha pana. Mpiganaji wa mchanganyiko huelekeza kifua mbele zaidi na kugawanya uzito wake, ili aweze kuinua mguu kuzuia teke au kurusha miguu yote nyuma anaporukiwa kiunoni. Mwaka 1976, tarehe 26 Juni, katika ukumbi wa Budokan mjini Tokyo, Muhammad Ali, naye wakati huo ni bingwa wa dunia wa uzito wa juu, alikutana na Antonio Inoki, mpiga mieleka wa Japani, ambaye kwa sehemu kubwa ya raundi 15 alijilaza chini na kuirushia mateke miguu ya Ali, asiweze huyu kumfikia. Makonde ya Ali yakawa ya kuhesabika, mwisho ukawa sare, na Ali akaondoka na miguu iliyovimba hata ikampeleka hospitali. Watazamaji walichukizwa, wakadai kwamba wamedanganywa, ilhali mbele ya macho yao lilikuwa somo lililo bayana kabisa, la kwamba mikono iliyo bora kuliko yote duniani haina kazi mahali ambapo miguu haikuweza kuifikisha. Siku hizi wapiganaji wamelinoa zaidi somo hilo kwa teke la chini linalopigwa upande wa nje, chini kidogo ya goti, mahali ambapo mshipa wa fahamu unaouinua wayo hupita karibu na ngozi. Ukipigwa barabara, wayo hulegea, na kasi ya mtu hutoweka kabla hajachoka.

Katazo la pili ni la kukamata, nalo ndilo lenye utajiri kuliko yote. Katika ngumi, miili miwili inapokumbatiana mwamuzi huwatenganisha, na bondia aliyepigwa sana hulitumia kumbatio hilo kama kivuli cha kupumzikia. Katika mapigano mchanganyiko, kumbatio lile lile ndilo linalofungua kazi, kwani hapo ndipo huja goti, kiwiko, ngwala na kubwagwa. Tarehe 28 Agosti 2010, mjini Boston, James Toney, aliyewahi kuwa bingwa wa dunia wa ngumi katika uzito zaidi ya mmoja, aliingia ndani ya uzio wa pembe nane kupambana na Randy Couture, mwenye umri wa miaka 47, aliyekulia katika mieleka. Couture hakubadilishana naye konde hata kidogo: aliinama chini kabisa, chini ya urefu wa mikono ya Toney, akaudaka mguu wa mbele karibu na kifundo, akamwangusha, akampanda, kisha akamkaba shingo kwa mikono yake hata Toney akasalimu amri raundi ya kwanza ikiwa bado haijafika dakika ya 4. Toney hakushindwa kwa uvivu wala kwa woga. Alishindwa kwa kuwa maisha yake yote alifundishwa kwamba mtu akiinama hivyo ni mwamuzi atakayemwinua.

Walakini insafu yataka tugeuze upande wa pili. Francis Ngannou, mwana wa Kamerun aliyeupitisha ujana wake katika machimbo ya mchanga, habari ambayo kijana wa machimbo ya Nyamongo ataielewa pasipo kuelezwa, alitwaa ubingwa wa uzito wa juu wa mapigano mchanganyiko mwaka 2021, kisha tarehe 28 Oktoba 2023, mjini Riyadh, akaingia katika pambano lake la kwanza la ngumi za kulipwa dhidi ya bingwa wa uzito wa juu, Tyson Fury. Katika raundi ya tatu alimzungushia konde la kushoto, Fury akaanguka, ulimwengu ukashika kinywa. Hapo ndipo lilipo katazo la tatu, la kumpiga mtu aliyeanguka. Kwa kanuni za ngumi Ngannou alipelekwa kona ya mbali akangoja hesabu. Fury akasimama, akakusanya akili zake, na baada ya raundi 10 akapewa ushindi na waamuzi ambao wenyewe hawakuafikiana. Katika mchezo wake wa asili Ngannou angemfuata chini papo hapo, na pambano huenda lingekwisha palepale. Miezi michache baadaye, tarehe 8 Machi 2024, katika mji huo huo, bondia Anthony Joshua aliusoma mkao wa Ngannou kwa utulivu, akamwangusha kwa konde la kulia katika raundi ya kwanza, na katika ya pili akammaliza. Kwa hiyo, maadamu kanuni ni za ngumi, nguvu za ajabu zaweza kumwangusha bingwa mara moja, lakini elimu ya mikono, iliyosafishwa tangu 1867, ndiyo itakayoamua mapambano kwa dahari.

Hata glavu husimulia habari hiyo. Glavu za bondia zina wakia 8 au 10, na unene wa kutosha kuwa ngao, hata mtu aweza kujikunja nyuma yake na makonde yakapasukia juu ya ngozi. Za mapigano mchanganyiko ni za wakia 4 tu, vidole vikiwa wazi ili mkono uweze kushika, na mwenye kujificha nyuma yake ataona makonde yanapenya katikati. Raundi nazo ni za dakika 5, tatu kwa pambano la kawaida na tano kwa ubingwa, na dakika 5 za kusukumana na mwili wa mtu mwingine huchosha kwa namna ambayo bondia mwenye pumzi za raundi 12 hajaizoea. Wala mchezo huu mpya si wa vurugu, kama wengine wanavyodhani. Mashindano ya mwanzo ya mchezo huu, yaliyofanyika Denver tarehe 12 Novemba 1993, yalikataza mambo machache sana, kama kung'ata na kutia vidole machoni, lakini kanuni za pamoja zilizoanza kutumika New Jersey mwaka 2000 zimekataza mengi, miongoni mwayo kupiga kisogo, kupiga sehemu za siri, na kumpiga goti la kichwa mtu aliye chini.

Lakini tofauti inayonigusa zaidi ni ya namna ya kukubali kushindwa. Katika ngumi, mapokeo yanamtaka bondia asiseme kamwe kwamba imetosha. Husema kwa niaba yake mwamuzi, daktari, au mtu wa kona arushaye taulo. Katika mapigano mchanganyiko, aliyetiwa roba, yaani aliyekabwa shingo, au aliyekunjwa mkono hugonga kwa kiganja, mwenziwe humwachia hima, na wote wawili huinuka na viungo vyao. Hakuna amwonaye kuwa mwoga, kwani kila mwanafunzi hugonga mara nyingi katika mazoezi kabla hajawa mwalimu. Kwa nchi ambamo ujasiri wa mwanamume huheshimiwa mno, na ambayo imewahi kuona vita vya koo vikichukua roho za vijana kwa kuwa hapakuwa na mtu wa kusema tumeacha, mafundisho hayo yana thamani kupita mkanda wowote.

Basi, kwa vijana wa Tarime na Serengeti, na kwa walimu wa michezo wanaowalea, rai yangu ni hii: msianze na mateke ya kustaajabisha mnayoyaona runingani. Anzeni na ngumi, kwa sababu ndizo zenye elimu iliyokamilika na walimu wanaopatikana nchini. Ongezeni mieleka, mliyo nayo tangu machungani, mkiifundisha juu ya magodoro, na kumfundisha kila mtoto kuanguka salama kabla ya kumfundisha kuangusha. Kisha fundisheni roba, na siku hiyo hiyo fundisheni kugonga na kuachia. Mwenye kupita kwa utaratibu huo ataweza kuchagua mchezo wowote kati ya hii miwili akiujua udhaifu wa mwingine, na hapo mjadala wa vibandani utakuwa umepata watu wa kuujibu kwa vitendo.